Shule Zikifungwa, Kusoma Kusifungwe



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mishahara, zamu za usiku, viatu vya kazi na malipo yanayochelewa. Safari hii tunaleta jambo ambalo halimo katika mkataba wowote wa kazi, lakini kila mwaka linakula mshahara wa mfanyakazi kimya kimya. Jambo lenyewe ni hili: mtoto anafunga shule akijua kusoma, na siku ya kufungua anarudi darasani akiwa amesahau.

Tumeliona jambo hili hapa Hai Jalaba, mjini Juba, wanakokaa baadhi ya wanachama wetu. Wapo wa viwanda vya maji ya chupa, wapo wafyatua matofali, wapo madereva wa magari ya maji, na wapo waliowahi kufanya kazi katika mashamba ya mitiki ya Ekwatoria kabla vita havijawafukuza. Wengine wametoka Kenya, Uganda na Kongo kutafuta kazi. Wengine ni wenyeji waliokulia Kakuma au katika makambi ya Uganda, wakarudi nyumbani na Kiswahili kinywani. Wote wana watoto, na wote wanalipia shule kwa jasho. Habari hii inawahusu vilevile wenzetu wa mashamba ya chai ya Kericho na ya miwa huko Kakira, maana likizo ni likizo popote.

MIEZI YA JUA KALI

Vitabu vingi vinavyozungumzia likizo ya kiangazi vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako shule hufungwa kuanzia Juni mpaka Agosti au Septemba. Jirani zetu wa Kongo nao hupumzika Julai na Agosti. Hapa Sudan Kusini, kwa kalenda ya miaka hii, shule hufunguliwa Februari na kufungwa Desemba. Maana yake likizo yetu ndefu inaangukia kiangazi chenyewe, wakati mvua zimekatika, vumbi limetanda, na bei ya pipa la maji inapanda.

Tena siku hizi jua limeanza kufunga shule hata baada ya likizo kwisha. Mwaka 2024 Serikali iliagiza shule zote zifungwe kuanzia tarehe 18 Machi, kwa kuwa joto lilitazamiwa kufika nyuzi 45. Agizo lilisema shule itakayokutwa wazi itafutiwa usajili. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Februari 2025, shule zilifungwa tena kwa majuma mawili. Naibu waziri wa elimu alieleza kwamba hapa Juba wanafunzi 12 kwa wastani walikuwa wakianguka kila siku kwa joto. Yeyote aliyewahi kuingia darasa la mabati saa saba mchana hatashangaa.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mtoto anakaa nyumbani Desemba na Januari. Anaingia shule Februari, hajamaliza hata daftari moja, anarudishwa nyumbani tena. Na hiyo ni miaka ya salama. Watoto wa mji huu wamepoteza masomo kwa vita vya Desemba 2013, kwa mapigano ya Julai 2016, na kwa ugonjwa wa korona uliofunga shule kuanzia Machi 2020 mpaka nyingi zikafunguliwa Mei 2021. Jirani zetu wa Uganda walifunga kwa muda mrefu zaidi, kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022. Kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi anajifunza kama mtu anayepanda mlima wa mchanga: hatua mbili juu, hatua moja chini.

MTOTO HUSAHAU NINI?

Jambo hili limechunguzwa miaka mingi. Mwaka 1978 mtaalamu mmoja wa Marekani, Barbara Heyns, alitoa kitabu juu ya watoto wa shule wa mji wa Atlanta. Baadaye wataalamu wengine, Karl Alexander na Doris Entwisle, walifuatilia watoto wapatao 800 wa mji wa Baltimore walioanza darasa la kwanza mwaka 1982. Waliona jambo la kutufikirisha sisi wafanyakazi. Shule zilipokuwa wazi, mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri waliendelea karibu sawa. Tofauti ilizidi kuwa kubwa wakati wa likizo. Wakafananisha shule na bomba la maji: likifunguliwa wote wanachota, likifungwa, tajiri ana akiba nyumbani na maskini hana.

Hapa Juba mfano huo hauhitaji kuelezwa. Gari la maji lisipopita siku tatu, nyumba yenye tangi juu ya mnara haina habari. Nyumba yenye pipa moja ndiyo inayotazama barabarani.

Wataalamu waliofuata wamebishana juu ya ukubwa wa hasara hiyo, na si kila mtoto anayerudi nyuma. Lakini si jambo la Marekani peke yake. Mwaka 2017 ulitolewa utafiti juu ya watoto wa shule za msingi za Malawi, nao ulionyesha kwamba usomaji ulishuka kati ya kufunga darasa moja na kufungua lingine. Aidha, uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1996 ulikusanya tafiti nyingi pamoja na kuona kwamba vinavyosahaulika zaidi ni hesabu za kukokotoa na namna ya kuandika maneno kwa herufi sahihi. Sababu yake ni nyepesi. Mtoto anaweza kukaa miezi miwili akisema na kusikiliza, lakini hakuna mtu anayemwambia aandike neno au ajumlishe 17 na 8. Mkono usiofanya kazi husahau kazi. Hata fundi wa mashine akikaa miezi miwili bila kuigusa, siku ya kwanza atatafuta swichi ilipo.

HASARA INAMWANGUKIA NANI?

Tutoe mfano mmoja. Mwanachama mwenzetu, mama anayefunga chupa katika kiwanda cha maji, ana mtoto wa kiume. Mtoto huyu alifunga shule Desemba akisoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Likizo nzima aliteka maji, akamlea mdogo wake, akauza karanga jioni. Hakuna aliyemlaumu, kwani mama yake alikuwa zamu ya usiku na mchana alilala. Februari mwalimu alimsimamisha asome, maneno yakamkwama. Majuma mawili baadaye mama aliitwa shuleni akaambiwa mtoto arudie darasa la pili.

Kurudia darasa ni neno fupi, lakini lihesabuni kwa fedha. Karo ya mwaka mzima inalipwa mara ya pili kwa kitu kilekile. Sare imembana, anataka nyingine. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Serikali ilitangaza elimu ya bure katika shule za umma, lakini wazazi wanajua kwamba daftari, sare na michango mingine havijaacha kutoka mfukoni, na wengi wana watoto katika shule za kulipia. Mfanyakazi anayedai nyongeza ya mshahara kwa mwaka mzima, akaipata, kisha akailipa yote kwa darasa la kurudia, amefanya kazi ya bure.

Hasara iliyo kubwa zaidi haihesabiki kwa paundi. Mtoto yule alimwambia mama yake, "Mimi sina akili." Watoto wengi wanaoacha shule huanza na maneno hayo. Kwanza anaona aibu kukaa na wadogo zake, kisha anaanza kuchelewa, kisha anaonekana sokoni saa za masomo. UNICEF imetaja kwamba watoto wapatao milioni 2.8 wa nchi hii hawako shuleni. Wengine hawakuwahi kuingia. Lakini wapo walioingia wakatoka, na wengine wao hawakufukuzwa na mtu.

Ukweli ni kwamba mtoto yule akili anayo. Alikosa mazoezi. Likizo iliyofuata mama yake alifanya naye mambo tutakayoyaeleza hapa chini, dakika 20 kila siku kabla ya kwenda zamu. Sasa ameingia darasa la nne. Hesabu za kugawanya bado zinamsumbua, lakini hajarudia tena.

"MIMI SIJUI KUSOMA, NITAMFUNDISHAJE?"

Hili ndilo swali tulilokutana nalo nyumba kwa nyumba, na tunalijibu kwa heshima, kwa sababu si kosa la anayeuliza. Hesabu za mwaka 2009 zilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Sudan Kusini, 27 tu ndio waliojua kusoma na kuandika. Vita vilichukua shule za kizazi kizima. Mzazi asiyejua kusoma hana sababu ya kujificha.

Tunawaambieni hivi: mzazi asiyejua kusoma anaweza kabisa kumfanyisha mtoto mazoezi. Kazi ya kufundisha ni ya mwalimu. Kazi ya mzazi wakati wa likizo ni kuhakikisha mtoto anatumia alichofundishwa. Msimamizi wa kiwanda hawezi kuendesha kila mashine, lakini akisikia mlio umebadilika anajua kuna kitu. Mzazi naye ana masikio na macho. Ayatumie hivi:

Kwanza, mwambie mtoto akusomee kwa sauti. Kitabu chochote, daftari lake la mwaka uliopita, hata maandishi ya mfuko wa unga. Mwambie, "Nisomee, nataka kusikia." Mtoto mdogo hupenda sana kumwonyesha mama au baba kitu asichokijua.

Pili, aweke kidole chini ya kila neno anapolisoma. Tazama kidole. Kikisimama na mdomo ukaendelea, ujue anakariri, hasomi. Watoto wa darasa la kwanza na la pili ni hodari wa kukariri ukurasa mzima, na mzazi hufurahi bure.

Tatu, ukiona anakariri, funika picha kwa mkono. Kisha weka kidole chako juu ya neno la katikati, neno lolote, umwulize, "Hili ni neno gani?" Aliyesoma atajibu. Aliyekariri atarudi mwanzo wa mstari na kuanza kuimba mpaka afike hapo. Akifanya hivyo usimpige wala usimcheke. Mwambie alitaje herufi moja moja, polepole.

Nne, akimaliza, mwulize, "Imesema nini?" Akueleze kwa lugha ya nyumbani. Kusoma bila kuelewa ni kama kula na kifuniko mdomoni.

Tano, akikwama kabisa, mpeleke kwa mtoto wa jirani wa darasa la juu. Hakuna ua wa Hai Jalaba usio na mtoto wa darasa la sita au la saba. Yule mkubwa akimfundisha mdogo, wote wawili wanapata, maana anayefundisha husoma mara mbili.

Ukitaka kujua mtoto wako yuko wapi, tumia njia iliyotumiwa na Uwezo, mpango ulioanza kupima watoto majumbani Kenya, Uganda na Tanzania tangu miaka ya 2009 na 2010. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi chache tu: kwanza herufi, kisha maneno, kisha sentensi chache, kisha hadithi fupi. Mtoto anapanda ngazi mpaka anapokwama. Mwombe mwalimu au jirani anayejua kuandika akuandikie karatasi kama hiyo siku shule inapofungwa. Pima Desemba, pima tena katikati ya Januari. Akiwa ameshuka ngazi, bado una muda wa kumpandisha.

HESABU ZIMO NDANI YA MTAA

Neno "hai" kwa Kiarabu ni mtaa, na "jalaba" ni jina walilokuwa wakiitwa wafanyabiashara wa kutoka kaskazini ya Sudan. Basi mtaa wenye jina la wafanyabiashara hauwezi kukosa hesabu. Zimetuzunguka, kilichobaki ni kumpa mtoto azifanye.

Anayetumwa dukani asipewe fedha kimya kimya. Aulizwe kabla hajatoka: sukari ni kiasi hiki, sabuni ni kiasi hiki, umebeba noti hii, utarudi na kiasi gani? Akirudi, chenji ihesabiwe mbele yake. Wakati bei zinabadilika kila juma, kama zinavyobadilika hapa Juba, mtoto ana hesabu mpya kila siku wala huhitaji kununua kitabu.

Anayeteka maji ahesabu majerikeni. Jerikeni moja ni lita 20. Pipa la lita 200 litajazwa na majerikeni mangapi? Tumetumia matatu, yamebaki mangapi? Hiyo ni kutoa, kuzidisha na kugawanya, na mgongo wake tayari unajua jibu.

Vizibo vya soda ni daftari la hesabu la maskini. Kusanyeni 50. Mtoto wa miaka mitano avipange kumi kumi. Wa miaka saba avigawe kwa watu wanne na kueleza kilichobaki. Wa miaka tisa apewe kazi ya zidisho: mafungu sita ya vizibo saba. Mchezo wa bao, mashimo na kokote, ni mwalimu mzuri vilevile, kwa kuwa anayecheza vizuri lazima ahesabu mbele kabla hajainua mkono.

Kwa kuandika, vumbi lisiwe adui tu. Ardhi iliyofagiwa na kijiti ni ubao usioisha. Ndani ya nyumba, kipande cha mkaa na gubiti la katoni vinatosha. Kila siku mtoto aandike jina lake lote, tarehe ya siku hiyo, na maneno matano aliyoyasikia: jina la jirani, jina la soko, kitu kilichopikwa. Mtoto mkubwa aandike barua ya mistari mitano kwa bibi aliyeko kijijini au kambini, na barua hiyo ipelekwe kweli akitokea msafiri. Maandishi yanayokwenda kwa mtu huandikwa kwa uangalifu.

Jioni, msiache hadithi na vitendawili. Mtoto anayesikiliza hadithi ndefu mpaka mwisho, akaweza kuisimulia kesho yake, anajenga kumbukumbu na maneno yatakayomsaidia kusoma. Wazee wetu walifundisha hivyo kabla ya chaki kufika.

Redio nayo isidharauliwe. Katika miaka ya 2000, watoto wa madarasa ya chini katika Sudan ya Kusini walifundishwa kwa vipindi vya redio vya nusu saa, mwalimu akiuliza redioni na watoto wakijibu kwa pamoja. Siku hizi simu nyingi za mkononi zina redio. Kukiwa na kipindi cha watoto, kisikilizwe na watoto wa ua mzima, kisha waulizwe walichosikia.

LUGHA GANI?

Wazazi wengi wanauliza: shuleni wanafundishwa kwa Kiingereza, nyumbani tunasema Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka au Kiswahili, tutamchanganya mtoto?

Hapana. Herufi ni zilezile. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa lugha huko Rejaf, si mbali na hapa Juba, ukachagua baadhi ya lugha za kusini, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande, ziandikiwe vitabu vya shule za chini kwa herufi za Kirumi. Na sheria ya elimu ya nchi hii ya mwaka 2012 inataka watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha wanayoisema. Kiarabu cha Juba nacho huandikwa kwa herufi hizohizo katika simu zetu kila siku.

Kwa hiyo mtoto aandike na asome kwa lugha inayotoka mdomoni mwake. Akishajua kwamba alama hii ni sauti hii, ujuzi huo atahama nao kwenda Kiingereza. Mzazi asingoje mpaka ajue Kiingereza ndipo aketi na mtoto wake.

SAA NGAPI, NA KWA MUDA GANI

Wapo wazazi ambao wakisikia habari hizi watamfungia mtoto ndani kutwa nzima na daftari. Hiyo siyo nia yetu. Likizo ni haki ya mtoto kama ilivyo haki ya mfanyakazi. Acheze, alale, aende kwa bibi yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha, na kwa mkubwa wake nusu saa. Kidogo cha kila siku kinashinda kingi cha Jumapili moja.

Muda mzuri kiangazi ni asubuhi kabla jua halijapanda, au jioni jua linapozama. Msimweke mtoto chini ya bati saa sita mchana. Akae kwenye kivuli cha mwarobaini au cha mwembe, na kikombe cha maji karibu. Mtoto akilalamika kichwa kinamuuma, akawa moto wala hatoki jasho, au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, acheni masomo, mmweke penye ubaridi, mmloweshe kwa maji na kumpeleka kwa mganga wa hospitali upesi.

Mwenye zamu ya usiku afanye jioni kabla ya kutoka. Mwenye zamu ya mchana afanye akirudi. Na baba wasiseme hii ni kazi ya mama. Mtoto anayemwona baba yake ameketi chini akimsikiliza anasoma, huyo amekwisha kujua kwamba kusoma ni jambo la maana.

MTOTO SI KIBARUA

Likizo ina hatari nyingine ambayo wenzetu wa mashambani wanaijua vizuri. Shule zikifungwa, mavuno yanaita. Mtoto anafuata mama yake kuchuma, mnyapara anafumba macho, na kilo za mtoto zinaandikwa kwa jina la mzazi. Mwanzoni ni siku mbili. Shule zinafunguliwa, mtoto anakwenda kwa kusitasita, kwa sababu ameonja fedha. Mjini ni hivyohivyo kwa matofali na kwa kuponda kokoto.

Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unahusu umri wa chini wa kuajiriwa. Namba 182, wa mwaka 1999, unapiga vita kazi mbaya kuliko zote kwa watoto. Sudan Kusini iliiridhia yote miwili mwaka 2012. Kumsaidia mama kuosha vyombo si ajira. Lakini mtoto anayefanya kazi ya mtu mzima shambani au kiwandani anamwonyesha mwajiri kwamba kazi ile inaweza kulipwa malipo ya kitoto, na mwajiri hatasahau. Anayemleta mtoto wake kazini anapunguza mshahara wake mwenyewe.

KAZI YA CHAMA

Baadhi ya wenzetu watasema: haya ni mambo ya nyumbani, chama kinaingiaje? Tuwakumbushe. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa yalifunguliwa vijijini, viwandani na mashambani. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1968, mpango uliosaidiwa na UNESCO huko Mwanza uliandaa vitabu vya kusomea juu ya pamba, ndizi na uvuvi, mambo ambayo mkulima na mvuvi waliyajua tayari kwa mikono yao. Kama pamba ilimfundisha mtu mzima kusoma, jerikeni litamfundisha mtoto kuhesabu.

Basi tunaomba kila tawi lichukue mambo haya manne katika mkutano wake:

1. Mwakilishi wa wafanyakazi aombe kwa mwajiri karatasi zilizotumika upande mmoja, katoni na kalamu zilizobaki ofisini. Kwa mwajiri ni takataka. Kwetu ni daftari.

2. Tawi liwe na sanduku moja la vitabu vya hadithi na vya shule. Mtoto aazime kimoja kwa juma, jina liandikwe, kirudi. Mwenye kitabu ambacho mtoto wake amekwisha kukitumia asikiuzie wafungaji wa karanga.

3. Wakati wa kuzungumzia mkataba wa hali bora za kazi, tudai zamu zipangwe ili baba na mama wanaofanya kazi mahali pamoja wasiwe zamu moja ya usiku wakati wa likizo za shule, na mzazi apewe ruhusa ya kwenda kumwona mwalimu bila kukatwa siku.

4. Tuungane na wale wanaotaka kalenda ya shule itazamwe upya. Baada ya shule kufungwa Februari 2025, mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Juba alishauri kalenda ipangwe kufuatana na hali ya hewa ya kila jimbo katika majimbo 10 ya nchi. Hilo ni jambo la kujadiliwa na wazazi pia, siyo wakubwa peke yao. Na tudai madarasa yenye dari na miti ya kivuli, kwa kuwa joto halitapungua kwa agizo.

Mambo hayo manne yatachukua muda, na waajiri hawajawahi kutupa kitu kwa kuombwa mara moja. Dakika 20 za jioni hazimngoji mwajiri wala Serikali. Mwite mtoto, mpe chochote chenye maandishi, mwambie aweke kidole kwenye neno la kwanza.